Maswali ya wasomaji: Kwa nini Misri na Yordani hazikuwapokea watu wa Gaza?

Barua tatu zilizotufikia hapa Bukavu zinahusu jambo moja, kwa hiyo tumeamua kuzichapisha pamoja na kuzijibu kwa kufuatana.

Swali la kwanza

Bwana Mhariri, mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari hapa Kadutu. Vita vilipofika Bukavu mwezi Februari 2025, ndugu zangu walivuka mto Ruzizi wakaingia Burundi, nchi ndogo isiyo na mali nyingi, na huko walipewa mahali pa kulala. Wanafunzi wangu wananiuliza kwa nini Misri, yenye jangwa pana la Sinai, na Yordani, ambayo wananchi wake wengi wana asili ya Palestina, zilikataa kuwafungulia mpaka watu wa Gaza, ambao ni Waarabu wenzao. Je, huku si kukosa huruma kunakofichwa nyuma ya maneno ya siasa?

*Mwalimu, Kadutu*

Jibu

Mwalimu, wanafunzi wako wana haki ya kuuliza, na sitawajibu kwa kuzitetea serikali. Nitaanza na jambo ambalo sisi wa Kivu tunaweza kulisahau kwa sababu kwetu limekuwa la kawaida: ndugu zako walipovuka Ruzizi, hakuna mamlaka yoyote iliyotangaza kwamba anayevuka hatarudi. Waliacha nyumba, shamba na makaburi ya wazee katika nchi ambayo bado ni yao kisheria, na siku njia itakapokuwa salama wataivuka tena kwa miguu yao. Mpalestina hana hakika hiyo. Katika vita vya mwaka 1948, Wapalestina zaidi ya 700,000 walikimbia au walifukuzwa kutoka maeneo yaliyokuja kuwa Israeli. Mwezi Desemba mwaka huohuo, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 194 linalosema kwamba wakimbizi wanaotaka kurudi makwao na kuishi kwa amani na majirani zao waruhusiwe kurudi mapema iwezekanavyo. Hawakuruhusiwa. Katika vita vya mwaka 1967, wengine wapatao 300,000 waliondoka Ukingo wa Magharibi na Gaza, wengi wao wakaelekea Yordani, na walio wengi kati yao hawakurudi vilevile.

Ni lazima pia tujue wakazi wa Gaza ni akina nani. Zaidi ya theluthi mbili yao ni wakimbizi wa mwaka 1948 au watoto na wajukuu wa wakimbizi hao, ambao asili yao ni Jaffa, Beersheba, Majdal na vijiji vilivyokuwa kati ya miji hiyo. Walikwenda Gaza wakiamini kwamba wanaondoka kwa muda mfupi, na baadhi ya vijiji vyao vilikuwa mwendo wa saa chache tu kwa miguu kutoka uzio wa Gaza. Kumwambia mtu wa namna hiyo avuke tena mpaka ni kumwambia awe mkimbizi kwa mara ya pili, wakati ahadi aliyopewa mara ya kwanza haijatimizwa.

Zaidi ya hayo, wazo la kuwahamishia Sinai lina umri mrefu. Katika miaka ya 1950, wakati Gaza ilipokuwa chini ya usimamizi wa Misri, kulikuwa na mpango wa kuwapa wakimbizi makazi huko Sinai, na wakimbizi wenyewe ndio walioupinga kwa maandamano makubwa mwezi Machi 1955 hadi ukaachwa. Baada ya shambulio la Hamas la tarehe 7 Oktoba 2023, ambalo liliua watu wapatao 1,200 nchini Israeli, wizara moja ya Israeli iliandika waraka uliopendekeza wakazi wa Gaza wahamishiwe Sinai. Waraka huo ulivuja, na ofisi ya waziri mkuu Benjamin Netanyahu ikasema ulikuwa wazo la kwenye karatasi tu. Kisha mwezi Februari 2025, Rais Donald Trump wa Marekani, akiwa na Netanyahu mjini Washington, alisema hadharani kwamba watu wa Gaza wahamie nchi nyingine na Marekani ilichukue eneo hilo. Kwa hiyo, Mfalme Abdullah II wa Yordani aliposema mwezi Oktoba 2023 kwamba wakimbizi hawataingia Yordani wala Misri, alikuwa akijibu mpango ambao watu wa eneo lile wameusikia tangu enzi za babu zao.

Huo ndio upande wa haki katika kukataa kwao. Kuna upande mwingine, nao ni maslahi ya dola.

Rais Abdel Fattah al-Sisi alieleza waziwazi tarehe 18 Oktoba 2023, akiwa na kansela wa Ujerumani mjini Cairo, kwamba kuwahamishia watu hao Sinai ni kuhamishia huko mapambano pia: wapiganaji wangeishambulia Israeli kutoka ardhi ya Misri, Israeli ingejibu kwa kuipiga ardhi ya Misri, na amani iliyotiwa sahihi mwaka 1979 ingekwisha. Msomaji wa Paris anaweza kuyaona maneno hayo kuwa kisingizio. Msomaji wa Bukavu hana ruhusa ya kuyapuuza. Mwezi Julai 1994, Wanyarwanda karibu milioni moja waliingia Goma na viunga vyake katika muda wa siku chache, na maelfu kwa maelfu wengine wakaja upande wetu na kujaza kambi za Inera na Kashusha kwenye barabara ya Kavumu. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 kuhusu wakimbizi, ambao Kongo imeuridhia, unataka wakimbizi wakalishwe mbali ya kutosha na mpaka wa nchi waliyotoka, kwa ajili ya usalama. Hilo halikufanyika. Askari wa jeshi la Rwanda lililoshindwa na wanamgambo wa Interahamwe, waliotekeleza mauaji ya kimbari, waliingia pamoja na wazee, wajawazito na watoto, wakazitawala kambi, wakagawa chakula cha msaada watakavyo, na wakafanya mashambulizi ng'ambo ya mpaka. Kipindupindu kiliua makumi ya maelfu katika wiki za kwanza. Mwaka 1996 vita vikazifuata kambi hizo ndani ya nchi yetu, na mpaka leo hatujatoka katika matokeo yake. Waliotenda kosa hawakuwa wale wanawake waliokimbia na vyungu vichwani. Kosa lilikuwa la wale walioacha bunduki zikae katikati yao. Lakini serikali inayotazama historia ya Kivu, kisha ikatazama ramani ya Sinai, ina sababu ya kuogopa.

Yordani inaogopa kwa namna yake. Kwanza, haipakani na Gaza kabisa, jambo ambalo watu wengi hulisahau: katika nchi kavu, Gaza inapakana na Misri na Israeli peke yake. Hofu kubwa ya Amman, yaani serikali ya Yordani, ni Ukingo wa Magharibi, kwa maana ikikubalika leo kwamba watu wa Gaza wanaweza kusukumwa kuelekea Misri, kesho itakubalika kwamba watu wa Nablus na Hebron wasukumwe kuvuka mto Yordani. Mkataba wa amani kati ya Yordani na Israeli wa mwaka 1994 una kifungu kinachokataza kuhamisha watu bila hiari yao kwa namna inayodhuru usalama wa upande wowote. Nchi hiyo tayari ina Wapalestina zaidi ya milioni mbili walioandikishwa na UNRWA, shirika la Umoja wa Mataifa linalowahudumia wakimbizi hao, na ina kumbukumbu mbaya ya Septemba 1970, wakati jeshi la mfalme na wapiganaji wa Kipalestina walipopigana ndani ya Amman na kambi zake.

Ukiniuliza, Mwalimu, kama huruma ilikosekana, nitajibu kwamba ndiyo, kwa kiasi kikubwa ilikosekana, kwa sababu serikali hizo zilijikuta na hoja ya haki inayolingana kabisa na maslahi yao, na zikaitumia bila kujiuliza nani anailipia. Hata hivyo, wanafunzi wako wasiishie kwa majirani. Mkataba wa nne wa Jeneva wa mwaka 1949, katika ibara ya 49, unakataza kuwahamisha kwa nguvu raia wa eneo linalokaliwa, na kama vita vinalazimisha wahamishwe kwa muda, unataka warudishwe makwao mara mapigano yanapokwisha katika eneo hilo. Wajibu huo unamwangukia kwanza yule anayeshika silaha na kudhibiti mpaka, na mtu hawezi kumlaumu jirani kwa kutofungua mlango huku akinyamaza kuhusu anayewasukuma watu kuuelekea.

Swali la pili

Bwana Mhariri, nauza vitenge katika soko la Nyawera. Nimewahi kukimbia usiku na watoto, na najua mama anafikiria nini saa ile: anafikiria mtoto afike asubuhi akiwa hai. Nasikia watu wenye elimu wakisema kwamba mpaka ulifungwa ili kulinda haki ya Wapalestina ya kurudi. Haki hiyo itamfaa nini mtoto aliyekwisha kufa? Na wale waliofika nchi za Kiarabu miaka ya nyuma wanaishi vipi?

*Mama wa watoto watano, Ibanda*

Jibu

Mama, mimi niko upande wako, na nitasema bila kuzunguka: hakuna haki ya taifa lolote inayoweza kulindwa kwa kumzuia mtu asikimbie bomu. Tangazo la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948 linatamka katika ibara ya 13 kwamba kila mtu ana haki ya kuondoka nchi yoyote, hata iliyo yake, na kurudi nchini kwake, na katika ibara ya 14 linampa haki ya kutafuta hifadhi kwingine anapoteswa. Kuondoka na kurudi vimeandikwa katika sentensi moja. Watu wa Gaza walinyimwa vyote viwili kwa pamoja. Walifungiwa katika eneo la kilomita za mraba 365, watu zaidi ya milioni mbili, na wapatao tisa kati ya kila kumi walihama makazi yao ndani ya eneo hilo, wengi wao mara kadhaa, huku makumi ya maelfu wakiuawa.

Mpaka wenyewe haukufungwa kwa kila mtu. Hadi mwezi Mei 2024, jeshi la Israeli lilipoushika upande wa Gaza wa kivuko cha Rafah, watu zaidi ya laki moja walikuwa wameingia Misri, kwa mujibu wa ubalozi wa Palestina mjini Cairo. Waliovuka ni wagonjwa na majeruhi walioidhinishwa, watu wenye pasipoti za nje, na wale ambao jamaa zao waliweza kulipa dola 5,000 kwa mtu mzima na nusu yake kwa mtoto ili majina yao yaingizwe katika orodha ya wanaovuka. Hapo ndipo hoja ya kulinda haki ya kurudi inapopoteza heshima yake, kwa maana haki inayowekewa bei mpakani inakuwa imegeuzwa biashara, na mama asiye na dola hubaki chini ya ndege. Na waliofika Cairo wengi hawakupata kibali cha kukaa, kwa hiyo watoto wao hawakuweza kuandikishwa katika shule za serikali. UNRWA hufanya kazi katika maeneo matano tu, yaani Gaza, Ukingo wa Magharibi, Yordani, Lebanon na Syria, na HCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi wengine, nchini Misri haiwaandikishi Wapalestina. Mkimbizi huyo basi hana hata ile karatasi ambayo ndugu zetu waliokimbilia Musenyi kule Burundi au Nakivale kule Uganda hupewa.

Kuhusu waliofika zamani, hali zinatofautiana sana kutoka nchi hadi nchi. Yordani iliwapa uraia wengi wa waliotoka Ukingo wa Magharibi, ingawa waliotoka Gaza mwaka 1967, kama wale wa kambi ya Jerash, hawakuupata. Syria, kwa sheria ya mwaka 1956, iliwaruhusu kufanya kazi, kusoma na kufanya biashara karibu sawa na wenyeji bila kuwapa uraia, na kitongoji cha Yarmouk karibu na Damascus kilikua kuwa mji wenye uhai mkubwa, mpaka vita vya Syria vilipokizingira na watu wakafa kwa njaa ndani yake.

Lebanon ndiyo inayoniumiza zaidi. Nchi hiyo hugawa madaraka kwa kufuata madhehebu, na wanasiasa wake wengi huogopa kwamba kuwapa uraia Wapalestina, ambao wengi wao ni Wasunni, kutavunja mizani hiyo. Wapiganaji wa Kipalestina pia walikuwa sehemu ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza mwaka 1975, na mwaka 1982 wakimbizi wa Sabra na Shatila walichinjwa na wanamgambo wa Kikristo wa Lebanon wakati jeshi la Israeli likiwa limelizunguka eneo hilo. Baada ya yote hayo, mtoto aliyezaliwa kambini Beirut, ambaye baba yake naye alizaliwa humo, bado hawezi kuwa wakili wala mhandisi kama Mlebanoni anavyoweza, na sheria ya mwaka 2001 inamzuia kununua hata nyumba ya chumba kimoja. Wanaoitetea hali hiyo husema kwamba mkimbizi akistarehe atasahau kwao. Sikubaliani nao hata kidogo. Wapalestina wa Yordani wamekuwa na pasipoti kwa zaidi ya miaka 70, na hawajasahau. Majina yao yangali katika madaftari ya UNRWA, na wanazitaja nyumba za babu zao kwa majina ya vijiji. Mtu anayekula kwa jasho lake anaweza kudai haki yake kwa sauti yenye nguvu kuliko mtu anayesubiri mgao wa unga.

Mwaka 1965 Jumuiya ya Nchi za Kiarabu ilipitisha Itifaki ya Casablanca, iliyosema kwamba Wapalestina wapewe haki ya kufanya kazi kama wenyeji huku wakibaki na uraia wao wa Kipalestina. Lilikuwa azimio zuri, lakini Lebanon na Kuwait zililiwekea masharti yao, na hata kwingine halikuwalinda wakimbizi siasa zilipogeuka. Baada ya vita vya Ghuba vya mwaka 1991, Kuwait, ambako kabla ya vita waliishi Wapalestina wapatao 400,000, iliwaondoa karibu wote waliokuwa wamebaki, kwa sababu uongozi wao ulionekana kumuunga mkono Saddam Hussein wa Iraq, aliyeivamia Kuwait. Mwaka 1995 Muammar Gaddafi aliwafukuza wengine kutoka Libya, na familia zikakaa kwa miezi katika mahema jangwani kwenye mpaka wa Misri. Mama aliyefungiwa mlango wa Rafah anayajua mambo haya kutoka kwa wajomba na mashangazi zake. Ndiyo maana wako wengi Gaza ambao, hata kama mpaka ungefunguliwa, wangesema hawatoki.

Lingewezekana jambo gani, basi? Kupokea kwa muda, kwa maandishi, na dhamana ya kurudi ikiwa imetiwa sahihi na Israeli na kushuhudiwa na Umoja wa Mataifa, kila familia ikiandikishwa mahali ilipotoka. Afrika imewahi kuonyesha kwamba mkimbizi anaweza kuulizwa anataka nini. Tanzania iliwauliza Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 wachague kati ya kurudi kwao na kuomba uraia. Makumi ya maelfu walirudi, na mwaka 2014 zaidi ya 162,000 walithibitishiwa uraia wa Tanzania. Palikuwa na ucheleweshaji na manung'uniko mengi, lakini neno lilikuwa la mkimbizi mwenyewe. Mpango wa Trump wa vipengele 20 uliotangulia kusimamishwa kwa mapigano mwezi Oktoba 2025 nao unasema kwamba hakuna atakayelazimishwa kuondoka Gaza, na kwamba wanaotaka kuondoka watakuwa huru kuondoka na kurudi. Neno hilo la mwisho ndilo la kulichunga, kwa kuwa mwaka 1948 pia kulikuwa na karatasi.

Swali la tatu

Bwana Mhariri, je, ni kweli kwamba Kongo iliombwa kuwachukua watu wa Gaza? Na kama ingekubali, tungefanya vibaya?

*Mwanafunzi wa chuo kikuu, Bagira*

Jibu

Kijana wetu, mwezi Januari 2024 chombo kimoja cha habari cha Israeli kiliandika kwamba kulikuwa na mazungumzo ya siri na Kongo pamoja na nchi nyingine kuhusu kuwapokea watu kutoka Gaza. Msemaji wa serikali ya Kinshasa, Patrick Muyaya, alikanusha na kusema kwamba hapakuwa na mazungumzo wala majadiliano ya aina yoyote juu ya jambo hilo. Tangu wakati huo majina ya nchi nyingine za Afrika yametajwa katika habari za namna hiyo, nazo zimekanusha au kusema zimekataa.

Kama ingekubali, naam, ningesema tumefanya vibaya, ingawa si kwa sababu hatuna nafasi. Kongo yenyewe ina wakimbizi zaidi ya laki tano kutoka nchi jirani, na Warundi wa kambi ya Lusenda kule Fizi wamelima na kuuza pamoja na wenyeji kwa miaka. Ningesema hivyo kwa sababu mtu anayekimbia hutafuta mahali pa karibu anapoweza kuisikia habari ya kwao na kurudi haraka, na hakuna familia ya Khan Younis kule Gaza itakayochagua kwa hiari yake kuwekwa kilomita maelfu mbali, ng'ambo ya jangwa na msitu, katika nchi ambayo lugha zake haizijui na ambayo watu wake wenyewe wanahama. Makubaliano ya namna hiyo yangekuwa yamefanywa juu ya vichwa vyao, kati ya miji mikuu miwili, na sisi tungekuwa tumeisaidia dola nyingine kuwaondoa watu katika ardhi yao.

Mpalestina mmoja anayefika Bukavu au Kinshasa kwa miguu yake mwenyewe na kuomba hifadhi ni jambo jingine kabisa. Sheria namba 021/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002 inampa haki ya kusikilizwa na Tume ya Taifa ya Wakimbizi kama inavyompa Mrundi au Msudani Kusini, na mkataba wa mwaka 1969 unamtambua kuwa mkimbizi hata yule aliyeikimbia nchi yake kwa sababu ya uvamizi wa nje au kukaliwa na dola ya kigeni. Huyo apokelewe, aandikishwe, apewe ruhusa ya kufanya kazi, na katika faili lake iandikwe alikotoka, mtaa na nyumba.